Kesi Inayouzwa Ikiwa Bado Maua



Abiria aliyevunjika paja katika ajali ya matatu nchini Kenya huwa na haki nzuri mno kwenye karatasi. Sheria humpa miaka 3 ya kufungua madai dhidi ya mwenye gari. Bima ya gari ni ya lazima, na mahakama ikishatoa hukumu, kampuni ya bima ndiyo inayopaswa kumlipa majeruhi, hadi kufikia shilingi milioni 3 za nchi hiyo. Tatizo ni kwamba hukumu haipatikani kwa wiki wala kwa mwezi, ilhali kodi ya nyumba, karo ya watoto na unga wa ugali havingoji tarehe ya kutajwa kwa kesi. Askari akiumia, mshahara wake huendelea kuingia. Mchuuzi wa ndizi akiumia, kipato chake hukoma siku ile ile.

Katika pengo hilo ndimo anamoingia dalali. Hufika wodini na maneno laini na fomu mfukoni, pengine kabla ya jamaa wa mgonjwa. Hutoa fedha kidogo za matumizi, huahidi wakili, na kinachotakiwa ni sahihi tu au alama ya kidole gumba. Fedha hizo hutangulizwa juu ya fidia ambayo bado haijaamuliwa, na siku fidia itakapotoka, aliyetanguliza ndiye atakayekata kwanza.

Wasikilizaji wa Mkoa wa Kagera hawahitaji kuelezwa zaidi. Wao wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa sababu nyumbani kuna mgonjwa, au mtoto amerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Mlanguzi wa butura hupanga bei kwa kutazama shida ya mkulima, wala hatazami bei ya mnadani. Dalali wa wodini hupiga hesabu ile ile.

Sheria haikulisahau jambo hili. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya hakitambui mapatano ambayo kwayo wakili ananunua maslahi ya mteja wake katika kesi, wala yale ya kulipwa endapo tu kesi itashinda. Katazo hilo lina mizizi mirefu. Sheria ya Kiingereza iliyopokelewa Kenya, yaani ile iliyokuwa ikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, ilihesabu kuwa ni kosa mtu kugharimia kesi isiyomhusu ili agawane mavuno yake. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo mwaka 1967. Lakini kifungu cha 46 humfunga wakili, na anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa si wakili.

Hesabu za biashara hii ni vigumu kuziona Kenya, kwa kuwa dalali hatoi risiti. Zinaonekana vizuri zaidi Marekani, ambako hufanywa na makampuni yenye ofisi na mikataba. Katika jimbo la Ohio, mwanamke mmoja aliyejeruhiwa katika ajali ya gari alitangulizwa dola 6,000. Mkataba ulisema kwamba kesi ikimalizika ndani ya miezi 12 kampuni itachukua dola 16,800. Ndani ya miezi 18, dola 22,200. Ndani ya miezi 24, dola 27,600. Baadaye akaongezwa dola 1,000 kwa ahadi ya kurudisha dola 2,800. Kesi ilimalizika kwa suluhu ya dola 100,000, na ugomvi juu ya mikataba ukafika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ambayo mwaka 2003 iliibatilisha.

Majaji walionyesha jambo ambalo yafaa lifikiriwe. Ukitoa ujira wa wakili wa asilimia 30, kisha ukitoa madeni hayo mawili, ambayo hata kwa kesi ya mwaka mmoja ni dola 19,600, mdai asingebakiwa na senti katika suluhu yoyote ya dola 28,000 au pungufu. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukubali suluhu ya namna hiyo, hata ingekuwa ya haki. Asiyekuwa mdai wala mdaiwa alikuwa amekwisha kukamata usukani wa kesi. Mwaka 2008 jimbo hilo liliiruhusu tena biashara hiyo, ila kwa masharti: mkataba uandikwe, kiwango cha gharama kwa mwaka kionekane wazi, na mdai apewe siku 5 za kazi za kughairi.

Kusema kweli, wanaoitetea wana hoja. Kesi ikishindwa, makampuni hayo ya Marekani kwa kawaida hupoteza fedha zao wala hayamfuati majeruhi. Tena mwenye njaa huwa hana ubavu wa kubishana na kampuni ya bima; hupokea chochote anachopewa. Na hatari ya kupoteza fedha ni ya kweli. Huko Kenya, kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, na watu waliokuwa na hukumu mikononi wakaachwa wakingoja.

Hapa kazi ya polisi inahusika kuliko wengi wanavyodhani. Kesi ya ajali huanzia kwenye karatasi mbili za kituo: hati ya maelezo ya ajali, ambayo Wakenya huiita abstrakti, na fomu ya P3 inayojazwa na daktari, iliyo ndugu ya PF3 ya Tanzania. Bila namba ya gari na jina la kampuni ya bima, wakili hajui aanzie wapi. Mke wa majeruhi akiambiwa "njoo kesho" mara 5, dalali hujitolea kuifuatilia hati hiyo, naye akaipata siku hiyo hiyo. Anaipataje, hilo ni swali la wakuu wa vituo. Na ni nani aliyempasha habari usiku ule wa ajali? Waliokuwapo barabarani ni wachache: utingo, wapita njia, mwenye gari la kuvuta, na askari.

Kenya imejaribu dawa moja iliyo bora kuliko makatazo. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Fidia ya majeraha imetajwa humo, madai yasizidi shilingi milioni 1, na shauri linatakiwa kuamuliwa katika siku 60. Siku 60 mtu anaweza kuzivuka kwa kukopa unga kwa jirani. Mwenye madai makubwa zaidi, yaani aliyekatwa mguu au mjane aliyeachiwa watoto, bado hurudi kwenye foleni ile ndefu, na dalali anajua asimame kwenye foleni ipi.