Maji Yapo, Watu Wako Wapi?

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

 

Leo sitazungumza juu ya kuku wala mikopo. Nataka tuzungumze juu ya mtu aliyeumia kichwa vibaya, akatoka hospitali, akaletwa nyumbani. Watu hawa mnawajua. Tangu 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, bodaboda zimeingia kila mtaa. Zimewapa vijana wetu kazi, hilo hatulikatai. Lakini wengine wameanguka bila helmeti.

Mmoja nilimtembelea huko Likoni. Alikaa wiki nyingi bila fahamu. Aliporudi nyumbani, mkono na mguu wa kulia ulikuwa umekaza, na maneno yakitoka nusu nusu. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu. Mwezi wa tatu alibaki mama peke yake. Nilipompelekea unga na sukari kutoka kwa kikundi, aliniambia: "Dada, ahsante. Lakini unga hata jirani hunikopesha. Mtu wa kunisaidia kumgeuza ndiye sina."

Nikamkumbuka yule mgonjwa wa birika la Bethzatha, katika Injili ya Yohana, sura ya 5. Alikuwa ameugua miaka 38, na maji yako pale pale mbele yake. Alichokosa ni mtu wa kumtia majini. Ndugu zangu, sisi tumezungukwa na bahari. Je, hatufanani na watu wa Bethzatha?

Hebu tuelewane kwanza juu ya ugonjwa wenyewe. Ubongo wa upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto. Ubongo ukiumia, amri haifiki sawasawa. Sehemu zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kazi upya, lakini kwa kurudia rudia, kama mtoto anayejifunza kutembea. Mgonjwa akilazwa tu, misuli hufupika, viungo hukaza, na vidonda vya mgongoni huanza.

Sasa, maji yanasaidia nini? Ninyi wavuvi mnajua: ngalawa inayowashinda watu sita mchangani, mtoto huisukuma ikielea. Mwili ni vivyo hivyo. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu ya uzito. Yakifika kifuani, mtu wa kilo 60 hubeba kama kilo 20 tu. Mguu usioweza kumsimamisha nyumbani unaweza kumsimamisha majini. Tena akiyumba, huanguka polepole, na msaidizi hupata nafasi ya kumshika. Hofu hupungua.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1949 huko London, mhandisi James McMillan alianza kuwafundisha kuogelea wasichana walemavu wa shule ya Halliwick. Njia yake ikapewa jina la shule hiyo, na wataalamu wa nchi nyingi wanaitumia. Msingi wake ni huu: kila mwanafunzi ana msaidizi wake majini, mtu kwa mtu. Hakuegemea maboya, alitegemea watu.

Lakini nisiwadanganye. Maji hayaponyi ubongo. Ni mahali pa kufanyia mazoezi, na si kila mgonjwa atatembea tena. Pia maji yanaua. Nami nakiri kosa langu: nilimwambia mama yule kwamba bahari ni dawa, nisimwonyeshe namna. Binamu wawili wakampeleka kijana wakati maji yanajaa. Wimbi likampiga usoni, akameza maji, akarudi anakohoa na kutetemeka. Tulimshukuru Mungu kwamba hakufa. Kwa hiyo shikeni haya:

1. Muulizeni kwanza daktari na mtaalamu wa fiziotherapia, yule tunayemwita mtu wa mazoezi. Mwenye kifafa, kidonda kilicho wazi, homa, mpira wa mkojo, tundu la kupumulia kooni, au anayepaliwa akinywa maji, asiingie mpaka wao waseme.

2. Mtaalamu awaonyeshe mazoezi kwa macho yenu, nanyi myafanye mbele yake. APDK, chama cha walemavu kilichoanzishwa 1958, kina tawi lake hapa Mombasa, eneo la Port Reitz. Anzeni huko au katika hospitali iliyo karibu.

3. Chagueni siku za maji mafu. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo una nguvu. Miezi ya kusi bahari huchafuka. Msiingie kabisa kwenye mlango wa bahari panapopita feri na meli.

4. Wawe watu wanne: wawili majini, mmoja wao akishughulika na kichwa tu, wa tatu ufukweni akitazama bahari na saa, wa nne awe na leso kavu na chai ya moto. Mgonjwa mwanamke ashikwe na wanawake, avae nguo ya heshima.

5. Dakika 10 zinatosha kuanzia. Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 29 hivi, lakini mtu asiyejimudu hupata baridi upesi. Akitetemeka, mtoeni.

Ndugu wa Changamwe mtasema, kwetu ni matope na mikoko. Kweli, na maji machafu hayafai. Basi kikundi kichange nauli, au fanyeni mazoezi ya kitandani mliyofundishwa. Neno langu kuu si bahari, ni zamu. Kikundi cha watu 20, wanne kila juma, kila mmoja anafikiwa na zamu mara moja tu kwa majuma matano. Nani atasema hiyo ni nyingi?

Kikundi cha pale Likoni kilipanga zamu baada ya kosa lile, na safari hii mtaalamu alikuja nao. Kijana bado hatembei peke yake. Lakini husimama ameshika meza, na huliita jina la mama yake likaeleweka. Na mama, siku za zamu, hulala usingizi wa mchana. Aliniambia hakuwa ameulala kwa mwaka mzima.

Mkirudi kwenye vikundi vyenu, kabla ya kuhesabu fedha za juma, ulizeni swali moja: katika mtaa wetu, ni nani amelala ndani, naye hana mtu? Andikeni jina lake katika daftari. Halafu andikeni majina manne chini yake.

Mungu awabariki.