Kutua Braunston

Leo tuwaambie juu ya kituo cha mashua cha Braunston, kule Uingereza, pahali ambapo mfereji wa Oxford unakutana na ule wa Grand Union.

Mashua za kule ni nyembamba, upana karibu meta 2 tu, lakini watu wanalala, wanapika na kuoga ndani yake. Mwendo ni wa polepole. Mtu wa mguu akikaza hatua anaipita.

Tulifika tangi la maji likikaribia kukauka na lile la choo limejaa. Mama mzee wa safari yetu alikuwa na homa. Wenzetu wawili wakasema tusipoteze feza kwa kulala hapo, tuendelee. Lakini mbele kulikuwa na vyumba 6 vya maji vya kupandisha mashua, vyote milango yake inasukumwa kwa mikono, kisha tundu la giza chini ya kilima, karibu kilomita 2, lililofunguliwa mwaka 1796. Nani angesukuma, na nani angempikia mama uji? Tukafunga kamba.

Tukajaza maji, tukanunua mazutu na makaa, tukawasha jiko la chuma. Jirani wa mashua ya kando akaleta supu ya moto, hakuuliza kabila wala kanisa. Siku ya pili mama akaomba chai yenye sukari nyingi, tukajua anapona.

Tulikaa siku 3. Wale wawili ndio walikuwa wa mwisho kufungua kamba.