Sauti ya Garimoshi Ndani ya Kichwa Kidogo: Kupima Kwanza, Kuwasha Baadaye



Anayezuru Makumbusho ya Reli jijini Nairobi hukuta kichwa cha treni nambari 5918, Mount Gelai. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya aina ya 59 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1950, ili kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Wazee walioishi kando ya reli wanaukumbuka mngurumo wa vichwa hivyo. Vijana wengi hawajausikia.

Kuna mafundi wanaorudisha sauti za aina hiyo kwa kutumia treni ndogo za mfano, hasa Ulaya na Marekani. Katika kipimo cha HO, kila kitu hupunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Katika kipimo cha N nafasi hiyo ni milimita 9 tu. Ndani ya kichwa kidogo hivyo, fundi huweka dikoda ya sauti. Hii ni bodi ya elektroniki inayopokea amri kupitia reli zenyewe, kisha ikaendesha mota, ikawasha taa na kucheza sauti kwenye spika.

Lipo kosa moja linaloharibu kazi yote. Katika vichwa vingi vya zamani, brashi moja ya mota hugusa fremu ya chuma, na fremu hiyo hupokea umeme wa reli moja kwa moja. Kabla ya dikoda, mpangilio huo haukuwa na tatizo. Dikoda ikifungwa bila kuutenganisha, umeme wa reli huingia kwenye nyaya za mota na bodi huungua mara moja. Dikoda ya sauti inaweza kuwa ghali kuliko kichwa chenyewe, hasa kilichonunuliwa mtumba.

Kwa hiyo kazi huanza kwa multimita. Fundi hupima kati ya kila brashi na fremu, kisha kati ya kila brashi na magurudumu ya pande zote mbili. Multimita ikilia, mota haijatengwa, na kazi husimama hapo hadi itengwe.

Baada ya hapo nyaya huunganishwa kwa rangi. Nyekundu huenda kwenye reli ya kulia na nyeusi ya kushoto. Ya chungwa na ya kijivu huenda kwenye mota. Buluu, nyeupe na manjano ni za taa. Kila kiungo hufunikwa ili kisiguse chuma.

Spika nayo huhitaji kisanduku kilichozibwa. Bila kisanduku, mawimbi ya mbele na ya nyuma hufutana na sauti hutoka nyembamba. Nafasi ikibaki, huongezwa kapasita inayoshikilia umeme kwa muda mfupi, ili sauti isikatike gurudumu linapopita penye uchafu.

Kabla ya kufunika kichwa, fundi hukijaribu kwenye reli ya kupangia, yenye umeme uliopunguzwa. Kwa kawaida dikoda mpya huwa na anwani namba 3. Mtambo ukiisoma namba hiyo, ni dalili nzuri kwamba nyaya ziko sawa. Usipoisoma, kosa hutafutwa kabla ya kwenda kwenye reli kuu, kwa kuwa umeme mdogo wa majaribio kwa kawaida hauunguzi bodi.

Utaratibu huu unamfaa pia kijana anayetengeneza redio, simu au nyaya za pikipiki: kupima, kutenga, kisha kujaribu kwa umeme mdogo. Vifaa vya kuanzia ni multimita, chuma cha kulehemu na subira. Multimita ya bei nafuu inatosha kuokoa bodi ya bei ghali.