Bwawa si shimo

Maneno ya kamati kwa mkutano wa wanachama, Kindu



Tumeombwa tuseme juu ya mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba. Tangu habari ilipopita kwamba sanduku la chama litasaidia kununua watoto wa samaki, wale tunaowaita vifaranga, watu wengi wanauliza jambo moja tu: "Nitapata wangapi, na lini?" Swali ni zuri. Lakini vifaranga njo kitu cha mwisho. Mbele yao kuko ardhi, kuko maji, kuko kazi ya kila siku. Kuchimba shimo, salongo ya watu kumi na tano inaweza. Kulifanya shimo liwe bwawa, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba peke yake, asubuhi na jioni, miezi sita.

Si sisi wa kwanza. Nyuma ya vita ya pili ya dunia, serikali ya Wabelgiji ilisukuma sana mambo ya tilapia katika Kongo nzima. Kule Kipopo, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliweka kituo cha kuchunguza ufugaji wa samaki. Mwisho wa miaka ya 1950, nchi ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Yako wapi leo? Mengi ni vichaka. Mabwawa mengi yalikuwa ya amri. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 na wakaguzi wakaondoka, hakuna aliyeendelea kuyalisha. Miaka ya 1970 na 1980, vijana wa Peace Corps kutoka Marekani waliamsha tena kazi hiyo katika mikoa kadhaa ya Zaire, nyumba kwa nyumba, mpaka walipoondoka mwaka 1991. Palipokuwa na mwenye kulipenda bwawa lake, liliendelea. Pasipokuwa naye, lilikufa. Sisi hatutaki kutumia franka za sanduku kwa kuzaa vichaka vingine.

Ardhi kwanza

Sisi tuliorudi tunajua uchungu wa paseli. Mtu anarudi, anakuta nyumba imeanguka na mwingine analima pale mama yake alipozikwa. Maneno yanaanza, yanafika kwa shefu wa kartye, yanakaa huko miaka. Katika hali hiyo, musichimbe. Muhogo, mtu akikufukuza, unaweza kung'oa na kwenda nao. Bwawa huwezi kulibeba kichwani. Na tena, paseli iliyochimbwa vizuri inaamsha tamaa ya yule aliyekuwa amenyamaza.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mtu anapata haki ya kuitumia. Karatasi yenye nguvu kabisa ni cheti cha kuandikishwa, kile watu wanakiita sertifika. Tunajua wengi wetu hatunacho. Basi, angalau mapatano yaandikwe, majirani wa pande zote watie mkono, na shefu ajue. Anayelima kwenye bonde la mtu mwingine, aandikiane na mwenye bonde: miaka mingapi, na samaki watagawanywa namna gani.

Udongo na maji

Kuko njia mbili za kujua kama udongo utashika maji, na zote hazitaki pesa. Ya kwanza: chukua konzi ya udongo wenye unyevu, ufinyange mpira, urushe juu, uudake. Ukibaki mpira, ni dalili nzuri. Ukimwagika kama mchanga, acha. Ya pili: chimba shimo la kufika kiunoni, ulijaze maji asubuhi. Jioni yatakuwa yameshuka. Ujaze tena, ufunike na majani. Kesho asubuhi, kama maji mengi yangali ndani, udongo unafaa. Kama yamekwisha, bwawa litakunywa maji kuliko familia yako.

Maji, uyaangalie mwezi wa saba na wa nane, wakati wa kiangazi chetu. Chemchemi inayotiririka wakati huo haitakudanganya. Mwenye paseli juu ya kilima, kwenye mchanga, asichimbe kwa wivu wa jirani. Bora aungane na wenzake watatu ao wanne walio na bonde.

Choo kiwe mbali na kiwe upande wa chini, kisiwe juu ya bwawa. Na mvua zetu munazijua, namna zinavyokata makorongo katikati ya avenyu. Upande wa juu wa bwawa chimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, ama usiku mmoja utapoteza kingo na samaki pamoja.

Kuchimba

Kwa nyumba moja, mita 5 kwa 10 inatosha kuanza. Upande maji yanapoingia, kina cha sentimita 60. Upande yanapotoka, mita 1 na kidogo. Lisiwe shimo lenye kuta zilizosimama: kingo zilale, ili zisianguke na mtoto akiteleza apate pa kupandia. Juu ya ukingo muache upana wa mita moja, mtu apite na brueti.

Mbele ya kujenga ukingo, toa majani yote na mizizi. Mzizi ukioza ndani, unaacha njia ya maji. Udongo wekeni kidogo kidogo, sentimita 20, munapiga na kigogo mpaka unakaza, kisha munaongeza. Hapa njo watu wanaharakisha, na hapa njo bwawa linavuja mwaka mzima. Juu ya ukingo pandeni nyasi fupi zinazotambaa. Miti, hapana. Pa kutokea maji yakizidi, wekeni tiyo ao mwanzi uliotobolewa, na wavu mdogo mdomoni ili samaki wasitoke.

Maji ya kijani

Mgeni akiona maji meupe anasema: bwawa hili ni safi. Mfugaji anasema: bwawa hili liko na njaa. Tilapia anaishi kwa vimelea vya kijani, vidogo sana, jicho halivioni kimoja kimoja. Vikiwa vingi, maji yote yanageuka rangi. Na vimelea hivyo vinataka mbolea, kama vile lengalenga inavyotaka mbolea.

Kwa hiyo katika pembe moja ya bwawa, zungushia fito, sehemu moja kati ya kumi ya eneo lote. Ndani yake tia nyasi laini, majani ya mapapai, maganda ya ndizi, mavi ya kuku ao ya mbuzi, majivu ya jikoni. Kila wiki ukoroge na uongeze. Baada ya siku kumi mpaka wiki mbili, maji yanaanza kugeuka. Mbele ya hapo, kifaranga hata mmoja asiingie.

Kipimo ni mkono wako. Uzamishe polepole, kiganja kikiangalia juu. Kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ni sawa. Ukikiona hata kupita kiwiko, ongeza mbolea. Kikipotea maji yangali kwenye kifundo cha mkono, acha mbolea, ingiza maji mapya. Vimelea hivyo mchana vinatoa hewa ndani ya maji, lakini usiku navyo vinavuta. Vikizidi, asubuhi sana utaona samaki wamepanda juu, midomo wazi. Si furaha hiyo, wanakosa pumzi. Fungulia maji haraka.

Chakula

Maniema ni nchi ya mpunga, na pumba ziko kwenye kila mashine ya kukoboa. Toa konzi asubuhi na konzi jioni, mahali pamoja, saa moja. Samaki watazoea na wewe utawaona kama wako wazima. Mchwa ni nyama kwao. Majani ya viazi vitamu yaliyokatwa wanayapenda pia. Chakula kikibaki kinaelea mpaka jioni, kesho punguza.

Wamama, neno moja kwenu, na wababa wasikie: muhogo usilowekwe bwawani. Muhogo unaooza unamaliza hewa ya maji, na ule mchungu unatoa sumu. Mifuko miwili ya muhogo inaweza kuua samaki wa miezi sita kwa siku mbili. Tena, chandarua chenye dawa kisitumiwe kuvulia bwawani. Dawa inayoua mbu inaua samaki pia.

Mbu na watoto

Majirani wanalalamika: "Munatuletea malaria." Tusiwacheke, wako na haki ya kuuliza. Kule Kisii, katika Kenya, watafiti walirudisha tilapia ndani ya mabwawa yaliyoachwa. Matokeo yao yalitoka mwaka 2007: baada ya wiki 15, mabuu ya mbu wa malaria yalikuwa yamepungua zaidi ya 94 kwa mia. Kwa hiyo jibu letu kwa jirani ni hili: bwawa lenye samaki na kingo safi linakula mbu, na bwawa lililoachwa linazaa mbu. Majani yakiota ndani ya maji pembeni, samaki hawafiki na mbu wanataga pale. Konokono nao wanakaa pale, na wao njo njia ya bilharzia. Kata majani kila wiki. Na mtu asikojoe bwawani, wala watoto wasiogelee.

Jambo la mwisho hapa ni zito kuliko samaki wote. Mtoto wa miaka miwili hahitaji maji ya mita moja kwa kufa. Ua wa fito uzunguke bwawa lote, na mlango ufungwe kwa kamba ambayo mtoto hawezi kufungua. Ua ukamilike mbele ya maji kuingia.

Kuvuna

Katika mita 50 za mraba tunatia vifaranga 100, wawili kwa kila mita. Wasafirishwe asubuhi na mapema, bidoni lisijae mpaka juu, hewa ibaki. Mukifika, musimwage mara moja. Laza bidoni ndani ya bwawa mpaka maji ya ndani na ya nje yawe na joto moja, kisha waache watoke wenyewe.

Sasa hesabu. Tuseme kenge, ndege na mikono ya usiku wamechukua 20, wamebaki 80. Kama kila mmoja amefika gramu 150, hiyo ni kilo 12. Haitajenga nyumba ya mabati. Lakini ni nusu kilo kwa kila wiki, kwa wiki 24, kutoka pumba na majani. Nyumba yenye watoto inajua thamani yake.

Mwezi wa sita, vuna. Musiseme "tungoje wakomae zaidi." Tilapia anazaa angali mdogo, mama anaficha watoto mdomoni, na baada ya miezi michache bwawa limejaa midomo mingi na chakula ni kile kile. Wote wanabaki vidole. Mwaga maji yote, toa wakubwa, weka vifaranga pembeni ndani ya kishimo cha maji safi. Potopoto ya chini peleka shambani, ni mbolea tamu. Acha bwawa likauke mpaka lipasuke, nyunyiza majivu, kisha anza tena.

Masharti ya sanduku

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu masharti haya, muyajadili. Mwanachama atapata vifaranga 100 siku watu wawili wa kamati watakapokuja kwake na kuona mambo matano: maandiko ya ardhi, bwawa lisilovuja, ua kamili, pembe ya mbolea, na maji ya kijani kwa kipimo cha mkono. Likikosa moja, tunarudi wiki nyingine. Hatutaangalia jina, wala kabila, wala mtu amerudi mwaka gani.

Na malipo si franka. Siku ya kuvuna, kila mmoja atarudisha vifaranga 100, wapewe anayefuata kwenye orodha. Ni likelemba ya samaki. Wale watoto wanaozidi ndani ya bwawa, ambao wangekuletea hasara, njo deni lako na njo mwanzo wa mwenzako. Bwawa la kwanza likilishwa vizuri, la pili halitagusa sanduku tena. La kwanza likiachwa, wa pili atangoja bure, na yeye anakujua na unamjua.

Wengi wetu, kwa miaka, tulipanda tu kitu cha kung'olewa haraka, maana hatukujua kama tutalala hapo kesho. Anayechimba bwawa amesema atakuwa hapo miezi sita ijayo. Basi awe hapo kila asubuhi, na konzi yake ya pumba.

Maswali yaanze. Wamama wa Alunguli kwanza, maana mtumbwi hautawangojea.