Daftari la Msafiri kwa Mfuko wa Mwanafunzi

Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Dada, wewe ni mtu wa afya, habari za madaftari zinakuhusu nini?" Nami nakuuliza wewe msomaji swali ambalo muuguzi aliniuliza nikiwa kidato cha nne: hedhi yako ya mwisho ilianza lini? Nilitazama dari. Nikasema, "Kama mwanzoni mwa mwezi hivi." Akauliza, mwezi upi? Hapo nikajua kwamba mwili ni wangu lakini habari zake sina. Na wewe kaka usicheke. Niambie ile homa ya mwisho ilikuanza siku gani, na dozi uliimaliza au uliiacha ulipopata nafuu?

Basi tunahitaji karatasi. Karatasi gani?

Huenda umeona picha za daftari la msafiri. Kampuni ya Midori ya Japani ililitoa mwaka 2006. Ni kipande cha ngozi kinachotengenezwa Chiang Mai, Thailand. Katikati kina lastiki, na ndani yake unachomeka vijidaftari vyembamba, vya upana wa sentimita 11 na urefu wa sentimita 21. Kimoja kikijaa unakichomoa na kuweka kingine, jalada linabaki lilelile miaka na miaka. Ni zuri, jamani, sikatai. Lakini bei yake pamoja na kulisafirisha ni ya mtu mwenye mshahara mnono, na mimi niliyeajiriwa bado sijalinunua. Pale unalipia ngozi na jina. Wazo lenyewe ni la bure, na wazo ndilo tunalolitaka.

Chukua karatasi za A4, zile za fotokopi. Upande mfupi una sentimita 21 tayari. Upande mrefu una 29.7, kwa hiyo kata ubakize 22, kisha kunja katikati. (Kile kipande kinachobaki usitupe, kinafaa kuandikia mahitaji ya sokoni.) Karatasi 12 zikikunjwa hivyo zinakupa kurasa 48. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene. Uzi utoke nje kwa tundu la katikati, uingie la juu, upite ndani hadi la chini na kutoka nje, urudi ndani kwa la katikati, ufunge fundo. Kwa jalada, boksi gumu lililogandishwa kitenge linatosha, au muombe fundi viatu mabaki ya ngozi. Lastiki utapata kwa fundi cherehani. Rimu moja ina karatasi 500. Mkichanga watu kumi, kila mmoja anapata vijidaftari vinne, na zinabaki karatasi 20 za wale watakaokosea kukata. Watakuwepo.

Ukiona kushona ni kazi, nunua madaftari ya shule yaliyo membamba, uyavalishe jalada hilohilo ulilolipima kwa ukubwa wake. Kabla ya kulipa, jaribu kalamu unayotumia kila siku kwenye ukurasa wa mwisho, kwa ruhusa ya muuzaji, halafu geuza. Wino ukionekana upande wa pili, acha. Na dayari zilizochapwa tarehe mimi sizipendi. Ukiruka wiki mbili, zile kurasa tupu zinakusuta, mwisho unaiacha yote.

Sasa kwa nini vijidaftari viwili au vitatu, si kimoja kinene? Hapa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa miaka kadhaa. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa na daftari moja la kila kitu: ratiba, madeni, na ya moyoni. Siku moja nililisahau kitandani hosteli. Niliporudi, niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alikuwa anawasomea wengine. Alikuwa amefika pale nilipoandika kwamba nimekwenda kupima virusi vya UKIMWI na ninaogopa majibu. Majibu yenyewe hayakumhusu yeye, wala hayamo katika mazungumzo haya. Ila kwa mwaka mzima sikuandika tena hata mstari, na wala sikurudi kupima.

Kwa hiyo leo nagawa. Kijidaftari cha mipango natembea nacho: kurasa mbili kwa wiki moja, kushoto siku, kulia mambo matatu tu ambayo lazima yafanyike. Tarehe za kliniki zinakaa humo, lakini kwa alama ninayoielewa mimi. Kama unameza dawa kila siku, weka nukta kila unapomeza, hakuna atakayejua ni ya nini. Dada, duara dogo liwekwe siku ya kwanza ya hedhi. Ikianza tarehe 3 Machi na nyingine ikaanza tarehe 31, mzunguko wako ni siku 28. Kwa msichana wa umri wenu, kati ya siku 21 na 45 ni kawaida. Ila usije ukadhani kwamba kuhesabu siku pekee ni kinga ya kutegemea dhidi ya mimba, na magonjwa ya zinaa hayasomi kalenda.

Kijidaftari cha moyoni hakitoki nyumbani. Ukikichomoa kwenye lastiki, jalada linaondoka bila siri zako. Na kama nyumbani hakuna pa kuficha, andika kwenye karatasi moja, kisha ichane. Si utani, kuandika kwenyewe kunasaidia. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza sana. Mara tu baada ya kuandika, walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikuwa na huzuni zaidi. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida tu. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo ni ndogo na haimpati kila mtu. Kwa hiyo ukiona kila ukiandika unazidi kuzama, weka kalamu chini, ukaongee na mtu unayemwamini au mtoa ushauri nasaha. Ukiwaza kujidhuru, usingoje kesho.

Kwa wa klabu yetu: Jumamosi tunashona. Njoo na mkasi na rula. Sindano nene ninazo mbili tu, mwenye ya tatu aje nayo.