Feza za shule: zilitoka, zilifika?

Leo tunazungumza na mzazi na mwalimu kuhusu ukaguzi wa hesabu za shule. Neno hilo linaonekana kuwa la watu wa ofisi kubwa. Lakini kama mtoto wako amewahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa feza ya mtihani, basi linakuhusu.

Tuanze hapa kwetu Kongo. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za Leta. Kwa miaka mingi maneno hayo yalibaki kwenye karatasi, na mzazi ndiye aliyekuwa akimlipa mwalimu. Mwezi wa tisa 2019 Leta ilitangaza kwamba sasa ni yenyewe itakayolipa. Watoto wakajaa madarasani, wengine wakikaa chini kwa kukosa banki. Feza nazo zikaanza kutoka Kinshasa kwa wingi kuliko zamani.

Mwisho wa 2020 wakaguzi wa feza wa Leta, wale wa IGF, walifungua vitabu vya SECOPE, ofisi iliyokuwa ikitayarisha mishahara ya walimu. Walikuta shule zilizoandikwa kwenye orodha ya malipo lakini hazina ukuta wala mwanafunzi. Walikuta majina ya walimu yasiyo na mtu, na majina hayo yalikuwa yakilipwa. Wakati huohuo walimu wa kweli, wenye chaki mkononi, walikuwa wakifundisha bila mshahara kwa sababu majina yao hayakuingizwa. Mwaka wa 2021 maofisa wakubwa wa masomo walifikishwa mbele ya korti Kinshasa na kuhukumiwa, na baadaye SECOPE ikaachia nafasi ofisi nyingine, DINACOPE.

Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini utaona shida yake: mkaguzi wa Kinshasa anafika baada ya feza kwenda. Na hawezi kufika kila kijiji cha Ituri au Maniema kuhesabu walimu. Wewe uko pale kila siku. Unajua kama shule ya sita ina mwalimu au haina.

Jirani zetu wa Uganda walilijua jambo hili mapema. Leta yao ilikuwa ikitoa feza kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, kwa ajili ya vitu kama vitabu na vifaa. Kwenye hesabu za Kampala feza zilionekana zimetoka. Mwaka wa 1996 watafiti wakaenda kwenye shule 250 katika wilaya 18, wakafungua vitabu vya shule zenyewe na kutazama ni nini kilichopokelewa kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 shule zilipata 13 tu. Shule nyingi hazikupata hata kidogo, na zilizopata kitu mara nyingi zilikuwa zile za wazazi wenye uwezo. Sehemu kubwa ilibaki wilayani, ikatumika kwa mambo mengine. Walimu wakubwa wengi hawakulalamika, kwani hawakujua kwamba kuna feza wanazostahili.

Leta ya Uganda ilifanya nini? Ilianza kutangaza katika magazeti na redio ni feza ngapi zimepelekwa katika kila wilaya, na mwezi gani. Kisha shule nazo zikaambiwa zibandike kwenye ukuta kiasi zilichopokea, mahali ambapo mzazi anaweza kusoma. Kufika 2001, zaidi ya shilingi 80 katika 100 zilikuwa zikifika shuleni.

Mimi sisemi kwamba karatasi ya ukutani peke yake ilifanya yote. Uganda ilibadilisha mambo mengine pia miaka ile, na Leta ilifuatilia malipo kwa ukali zaidi. Hata hivyo, shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti zilinufaika zaidi kuliko zile za mbali. Mwenye habari alidai, na aliyedai alipata.

Sasa turudi kwenye shule yako. Kamati ya wazazi ina haki ya kumuuliza direkta: feza za kuendesha shule zilifika mwezi huu? Zilikuwa ngapi? Zilinunua nini, na risiti iko wapi? Walimu wangapi wako kwenye orodha ya malipo, na wangapi tunawaona darasani? Majibu yaandikwe, yasomwe kwa sauti kwenye mkutano, kwa sababu kati yetu wapo wasiojua kusoma, kisha yabandikwe ukutani.

Nendeni wengi, msimtume mtu mmoja. Na msianze kwa kumwita direkta mwizi. Mara nyingi yeye mwenyewe anangoja feza ambazo hazikumfikia, na akisema hazikufika, mwombeni aandike hivyo na kutia sahihi. Kamati ichukue kopi na kuipeleka ofisi ya chini ya masomo. Wakikaa kimya, ipelekeni ofisi ya jimbo, na shirika la raia lipewe kopi yake.

Wazazi mliokimbia vita, ambao watoto wenu wanasoma katika shule ya wenyeji: ninyi pia muwe kwenye kamati hiyo. Idadi ya wanafunzi imepanda kwa sababu yenu, na kama orodha haikubadilishwa, shule inaendeshwa kwa hesabu ya mwaka jana. Hilo liwe swali la kwanza katika mkutano ujao.