Tenzi za Dini za Waajemi na Watu Waliozitunza



 Baadhi yenu mtajiuliza kwa nini leo tumeacha visima na zahanati, tukaja na mashairi ya Uajemi. Tuvumilieni kidogo.

Waajemi wana utenzi wao mkuu, Shahnameh, ambao Ferdowsi aliumaliza mwaka 1010. Humo mna wafalme na mashujaa wa kabla ya Uislamu. Si wote walioridhika nao. Mwaka 1089 mtunzi aliyejiita Rabi alitunga Ali-nama, habari za vita vya Ali bin Abi Talib, akiwataka watu waache ngano za kale wasikilize mambo ya kweli. Lakini mizani aliyotumia ni ileile ya Ferdowsi! Aliyemkosoa ndiye aliyemfundisha. Baadaye Ibn Husam akatunga Khavaran-nama, ambamo Ali anapigana hata na majoka na majini. Wanaojua utenzi wetu wa Ras al-Ghuli hawatashangaa.

Kilichotugusa zaidi ni habari za Karbala, alikouawa Husein mwaka 680. Mwaka 1502 Kashefi aliziandika katika kitabu kiitwacho Rawzat al-shuhada. Wasiojua kusoma walisomewa, na wasomaji wa namna hiyo wakaitwa kwa jina la kitabu chenyewe, yaani rawza-khan. Baadaye ukaja mchezo wa taaziye. Walio upande wa Husein huvaa kijani na kuimba. Adui zake huvaa nyekundu na husema tu, bila kuimba. Gharama hubebwa na wenyeji: huyu ameweka nadhiri ya kupika, yule anatoa farasi, mwingine zulia la kukalia.

Miaka ya 1930 serikali ya Reza Shah iliupiga marufuku mchezo huo. Mjini ulififia. Vijijini watu waliendelea kuucheza, na karatasi za maneno zilirithishwa kutoka baba hadi mwana. Hapakuwa na mfadhili kutoka nje, ndugu zetu, wala bajeti. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu.

Anayemwigiza Shimri, muuaji wa Husein, naye ni mwumini kama wengine. Mara nyingi huonekana akilia huku ameshika upanga, na watazamaji humlilia pamoja naye.